Tutaondoa Mwani Wote

Mama yangu aliteleza siku ya Krismasi akitoka kanisani, hatua chache tu ndani ya geti letu la Izigo. Njia ya zege inayoteremka kutoka barabarani mpaka nyumbani ilikuwa imeota ukijani kwa sababu ya mvua na kivuli cha mibuni iliyopandwa pande zote mbili. Aliangukia mkono, kifundo kikavunjika. Mkono ulipona, woga ukabaki. Tangu siku hiyo Mawe, kama tunavyomwita kwa Kihaya, hakukanyaga tena zege lile. Kanisani haendi, sokoni haendi, msibani haendi, na kwetu mtu asiyekwenda msibani huanza kuulizwa hali yake kwa sauti ya chini. Ukisema apite pembeni, pembeni kuna kingo za mawe na mfereji. Ukisema gari limfuate mlangoni, langu lilijaribu mwezi wa pili, likateleza mpaka kwenye mgomba, na wanaume wa kijiji kizima wakaja kulisukuma huku wakinipa ushauri wa udereva.

Mdogo wangu Onesphory, aliyeko Mwanza, ana jibu la kila kitu. Kwa hili jibu lake lilikuwa wazee wahamie Bukoba, nyumbani kwangu, yaishe. Kila tulipopiga simu Izigo kuwauliza, simu ilikuwa mkononi mwa Tata, baba yetu, na jibu lilikuwa moja: "Mama yenu hataki." Mimi nami sikupenda habari ya kuwahamisha wazee kama makochi. Mwezi wa tano ulipoingia na mvua bado inanyesha, nikamwambia Onesphory anipe nafasi nioshe ile njia kwanza. Mawe akifika getini kwa miguu yake mwenyewe, habari ya kuhama tuizike. Asipofika, yeye alete lori.

"Sawa, dada, osha," alisema, kwa sauti ya mtu anayemwachia mtoto achezee maji. Sauti hiyo ndiyo iliyonipeleka dukani kesho yake asubuhi.

Mimi ni fundi cherehani. Nimeishi na mashine miaka mingi na ninajua kwamba muuzaji husifu rangi, mnunuzi ndiye anayetakiwa kuuliza maswali. Kwenye duka la vifaa pale mjini Bukoba nilimkuta Jamali, kijana wa Tanga mwenye maneno mengi na shati lililopigwa pasi vizuri, na mashine tatu za kuoshea kwa presha zimepangwa mlangoni.

Akaanza na ndogo ya umeme, ya njano, yenye magurudumu na mpini kama begi la safari.

"Hii ndiyo ya kina mama, dada. Nyepesi, haina kelele."

"Kina mama wa wapi?" nilimwuliza. "Umeme wetu uko barazani, na geti liko juu mlimani. Nitavuta waya mrefu kiasi gani? Waya ukiwa mrefu umeme unafika umechoka, mota inanguruma bure mpaka inaungua. Halafu waya huo huo ulale kwenye maji, na baba yangu anapita na fimbo yake?"

Akaihama ya njano bila ubishi. Akaniongoza kwenye kubwa, ya petroli, ile wanayotumia kuoshea malori. Aliipiga kofi mgongoni kama ng'ombe wa mnadani.

"Hii haibishani na uchafu. Inachubua mpaka rangi."

"Ndiyo maana siitaki. Zege letu lilikorogwa na fundi aliyependa mchanga kuliko saruji. Hii italichimba, nibaki na shamba la kokoto."

Ikabaki ya kati, ya petroli nayo, yenye injini ndogo na fremu ya chuma. Hapo nikauliza swali lililokuwa linanikosesha usingizi. Izigo hatuna maji ya bomba yenye nguvu, tuna tangi la maji ya mvua. Je, mashine itavuta yenyewe, au inataka maji yanayosukumwa? Jamali alisema itavuta, alisema haraka mno. Nikamwambia alete ndoo. Alileta ndoo, akatumbukiza mpira wa kunyonyea, akavuta kamba ya kuwashia. Mashine ilikohoa, ikatema hewa, Jamali akatoka jasho, mpaka tulipoujaza mpira maji kwanza ndipo ikashika na kurusha mchirizi uliofika ng'ambo ya barabara. Bodaboda mmoja akatutukana. Nikasema hii naichukua.

"Na hiyo njia ina uchafu gani hasa?" Jamali aliuliza akichagua nozeli za kunifungia. "Mafuta, matope, au mwani?"

"Mwani?"

"Ukijani unaoteleza. Kwetu chochote cha kijani kinachoteleza ni mwani. Shangazi zangu wanaulima baharini."

Nilicheka, maana kwa Kihaya mwani ni kahawa. Nikamwambia kwetu huo mwani wake tunautafuna. Hakuelewa, na mimi sikurudia; nilikuwa nimeinama naangalia kama injini inavuja oili. Duka lao humtuma mtu aje kumwonyesha mteja kazi siku ya kwanza, kwa hiyo Jamali aliomba namba ya simu ya nyumbani ili aulize hali ya maji kabla hatujafika. Nikampa ya Tata.

Jumamosi tuliondoka mapema. Mashine ililala kiti cha nyuma kwa sababu buti lilijaa mipira na madumu ya petroli, na Jamali akakaa mbele na mimi. Tulipopita Kemondo nikamwuliza kama alimpigia mzee.

"Nilimpigia jana jioni. Tangi limejaa. Nikamweleza kazi yote, kasema 'njooni,' akakata simu."

Tata kukata simu si habari. Tata huikata simu kama anavyokata mgomba, mara moja na kwa moyo wote. Sikuwaza zaidi.

Tulikuta geti limefungwa kwa mnyororo. Ndani ya geti, katikati ya njia, Tata alikuwa ameketi kwenye kiti cha sebuleni, amevaa koti lake la kanisani, na panga limelala magotini. Kulia kwake alisimama baba mdogo Kashaija, mdogo wake wa kuzaliwa, na kushoto mwinjilisti Byarugaba akiwa ameshika mwavuli. Nilidhani Mawe amefariki. Ndipo nikamwona Mawe mwenyewe chini kule, dirishani, amejifunga kitenge kichwani, anatazama.

Nilikuwa bado nahangaika kuliegesha gari pembeni ya barabara. Jamali, mtu wa watu, akashuka na kutangulia getini.

"Shikamooni wazee wangu. Mimi ndiye Jamali niliyepiga simu, wa mashine."

"Marahaba," Tata alisema. "Irudishe."

"Tuirudishe, na mwani huu wote?" Jamali alichungulia kati ya nondo za geti akaonyesha njia kwa mkono. "Mzee wangu, tazama mwenyewe ulivyojaa, huku na huku. Tena umekuwa wa kijani kabisa!"

"Ukiwa wa kijani ndiyo unaondolewa? Unangojewa uive!"

"Uive?" Jamali alinigeukia, nami nilikuwa ndiyo kwanza nafungua mlango wa gari. "Mzee, huu ukiuacha utazidi kuota."

"Ndivyo ninavyotaka."

"Lakini ndio uliomwangusha mama!"

Tata alisimama, panga mkononi. "Mwani umemwangusha nani? Mwani umemsomesha huyo aliyekuleta! Mwani umeezeka nyumba ile bati! Wewe umezaliwa wapi, wewe?"

"Tanga, mzee."

"Na huko Tanga mwani mnaufanyaje?"

"Tunaung'oa, mzee," Jamali alijibu kwa adabu zote. "Tunauanika, tunauuza."

Baba mdogo Kashaija aliwageukia wenzake. "Si mmesikia? Kasema mwenyewe. Atang'oa, ataanika, atauza."

Hapo nikaelewa, na badala ya kusema neno la maana, nikacheka. Nilicheka mpaka nikashika boneti la gari. Si jambo la kufanya mbele ya wazee watatu, mmoja wao ana panga.

"Unacheka, Evelyne?" Tata aliuliza kwa Kihaya, na sauti yake ilinikata kicheko hapo hapo. "Unaniletea mtu wa kung'oa mwani wa baba yangu, halafu unacheka?"

Nikapiga magoti, nikasalimu kama inavyotakiwa, kisha nikapenyeza mkono chini ya geti nikakwangua zege kwa kucha. Nikamwonyesha ule uchafu wa kijani kidoleni. Nikamweleza kwamba kwa Kiswahili cha pwani mwani ni huu, uchafu wa majini, na kwamba kijana alipokuwa anasema kwenye simu ataondoa mwani wote kuanzia getini mpaka mlangoni, alikuwa na maana ya zege tu. Hakuna mbuni utakaoguswa. Mashine yenyewe inarusha maji, haikati hata jani.

Mwinjilisti Byarugaba aligeuza uso akaikagua migomba kwa muda mrefu, mabega yakitikisika. Tata alitazama kidole changu, akamtazama Jamali, akatazama tena kidole.

"Basi aseme utelezi," alisema mwishowe, kwa Kiswahili, ili mhusika asikie. "Utelezi kila mtu anaujua. Mimi nilidhani kijana amejifunza neno moja la Kihaya ili anikate nalo vizuri."

"Nisamehe, mzee wangu," Jamali alisema. Nadhani hata wakati huo hakuwa ameelewa kosa lake.

Lakini Tata hakufungua geti. Aliketi tena. Alisema Onesphory alimwuliza kwenye simu kibanja, hili shamba letu la urithi, kina ukubwa gani, na kwamba mtoto hawezi kuuliza ukubwa wa kibanja anachokijua tangu anatambaa ila kama ana mnunuzi pembeni. "Mnataka tuhamie mjini. Mtu akishahama, kibanja chake kinaanza kuitwa eneo." Aliposema hivyo nilisikia uchungu, kwa sababu hakuwa anasema upuuzi. Sikujua kwamba Onesphory aliuliza swali hilo, na nilitamani kumvuta masikio kutoka Izigo mpaka Mwanza.

Nikamwambia mbele ya mashahidi wake wawili lile tuliloahidiana na Onesphory. Tunaosha njia. Mawe akifika hapa getini kwa miguu yake, hakuna atakayetamka tena neno kuhama, na kibanja kitabaki kibanja.

"Na asipofika?"

"Basi Onesphory atakuja na lori, na wewe utakuwa na panga lako."

Baba mdogo Kashaija alisema hayo ni maneno yanayoeleweka. Tata akatoa ufunguo mfukoni.

Kuosha zege la mteremko kuna akili yake, na ya kwanza ni kujua maji yataelekea wapi. Njia yetu inashuka kwenye nyumba. Tukifungulia mashine hivi hivi, uchafu wote wa mlimani ungeingia sebuleni kwa Mawe. Wazee wenyewe waliliona hilo kabla yangu. Kashaija akachukua jembe, akafungua kingo sehemu tatu ili maji yaingie migombani. Tata alipiga marufuku sabuni na dawa ya aina yoyote, asije akalisha mizizi ya mibuni sumu, na hilo sikubishana nalo. Tukafagia majani kwanza. Tukalilowesha zege na kuliacha linywe. Mpira wa kunyonyea tukauunga kwenye tangi la barazani, na kwa kuwa tangi lilikuwa chini na kazi ilianzia juu, mashine tukaiweka barazani pia na kuurefusha mpira wa presha kwa vipande viwili mpaka getini.

Jamali akataka kuanza. Alivaa buti na miwani, akafunga nozeli nyekundu, ile inayotoa mchirizi mwembamba kama sindano, akaielekeza chini. Mashine ikanguruma kama pikipiki iliyong'olewa ekzosi. Nilipofika mbio kumzuia, alikuwa ameshachora mstari mweupe kwenye zege, mrefu kama mkono, na ndani yake kokoto zinaonekana.

"Zima!" nilipiga kelele. "Nilikwambia mchanga mwingi! Unaandika jina lako?"

"Dada, nilitaka kuonyesha nguvu."

"Nguvu tumeiona. Weka ya kijani."

Nozeli ya kijani hutandaza maji kama ufagio. Nikaichukua bastola ya kurushia maji mwenyewe, nikashika mpini kwa mikono miwili maana ule mpira husukuma kwa nyuma kama mbuzi aliyekataa kamba. Ukiisogeza karibu mno unachimba, ukiiweka mbali unalowesha tu. Kwangu kipimo kilikuwa kama shibiri moja na nusu kutoka chini. Nikawa naenda toka kingo hadi kingo, pole pole, kila mstari nikiupandisha kidogo juu ya mwenzake kama unavyopishanisha kitambaa kwenye pindo, la sivyo zege lingebaki na michirizi ya punda milia. Nikianzia getini, nikishuka, uchafu ukitangulia mbele yangu na kuingia kwenye mapengo ya Kashaija.

Jamani, kuna raha katika kazi hiyo, siwezi kuficha. Ukijani uliokuwa umeshika kama ngozi ulikuwa unavuliwa, na chini yake zege likatoka jeupe, na mikwaruzo ya ufagio aliyoiacha fundi siku ya kulimwaga, ile ile inayosaidia mguu kushika. Nilikuwa nimeisahau. Nililowa mpaka kwenye mifupa na sikujali. Jamali alinipokea nilipochoka, na safari hii alifanya vizuri. Mashine ilizimika mara moja tukadhani imekufa, kumbe kipande cha jani kilikuwa kimeziba chujio la mpira wa kunyonyea. Mwinjilisti Byarugaba, ambaye alikuwa ameitwa kuja kuzuia uharibifu, alishinda akivuta mpira ili usishike kwenye mawe, na suruali yake ya heshima ikawa na matope hadi magotini.

Tangi lilipofika karibu na mwisho tulikuwa tumefika kwenye ngazi za baraza. Jua la mchana likatoka, zege likaanza kukauka kwa mabaka. Tata alipanda nalo mpaka juu na kushuka tena, akichomeka fimbo hapa na pale, akisugua kwa kiatu. Hakusifu. Alisema tu kwamba ule mstari wa Jamali atauziba kwa saruji.

Ndipo Mawe akatoka.

Alikuwa amevaa gauni lake la kitenge la ibada, viatu vya kufunga, na mkoba wa mkononi. Nilimnyooshea mkono akaupita kama hakuuona. Aliweka mguu mmoja kwenye zege, akausugua mbele na nyuma, kama mtu anayeonja chumvi. Akaweka wa pili. Sisi wote tulikuwa tumesimama na nguo zetu mbichi. Alianza kupanda akiitazama miguu yake, na alipofika pale alipoangukia nilimwona akisimama. Nilimwomba Mungu kwa lugha zote mbili. Mawe akapumua, akainua uso, akaendelea, na kuanzia hapo hakutazama chini tena.

Nilimpigia Onesphory. "Anapanda," nilimwambia. "Anapanda mwenyewe, hajashikwa na mtu. Amefika kwenye geti. Umesikia? Amefika!"

"Kweli?" Onesphory alisema. "Anafanya nini sasa?"

Nilitazama. "Amepitiliza," nikasema.

Mawe alikuwa ametoka nje ya geti. Alifungua mlango wa mbele wa gari langu, akaketi, akaweka mkoba mapajani. Tulipanda sote kumfuata, Tata nyuma yetu na fimbo yake.

"Mawe, kanisani leo hakuna ibada," nilimwambia. "Ni Jumamosi."

"Najua siku. Nakwenda Bukoba."

"Bukoba?" Tata alikuwa amefika, anahema. "Nani kasema Bukoba? Wewe hutaki Bukoba."

"Nani aliniuliza?"

Mawe hakuwa amepandisha sauti. Mawe hapandishi sauti. Hata akimkaripia kuku humkaripia kama anamshauri.

"Ta Evelyne," alimwita mumewe, yaani baba Evelyne, kama alivyomwita maisha yangu yote, "jana kijana usiyemjua amekupigia simu, mara moja tu, akataja mwani. Leo asubuhi geti limefungwa. Panga limenolewa. Ndugu yako kaitwa, mwinjilisti kaitwa, koti limetolewa kabatini. Mimi nimekaa ndani tangu Krismasi. Ulimwita nani?"

Baba mdogo Kashaija alitazama viatu vyake. Mimi niliona aibu pia. Miezi yote ile mimi na Onesphory tulikuwa tukishindana nani anajua Mawe anataka nini, na hakuna aliyewahi kusema kwenye simu: tupe Mawe tuongee naye.

"Mkono ulikuwa umevunjika..." Tata alianza.

"Mkono ulipona. Ulikuwa unapita kwenye zege lile kila asubuhi kwenda kuangalia mibuni yako. Jembe unalo. Hata kulipara hukuwahi?" Alifunga mkanda wa gari, ulimsumbua kidogo, akakataa msaada wangu. "Sihami. Anayehama habebi mkoba mmoja. Nakwenda kukaa kwa mwanangu, niende kanisani, niende sokoni, nione watu. Nikitosheka nitarudi. Njia sasa inapitika."

Tata ni mtu aliyewahi kubishana na mkutano mzima wa kijiji akashinda kwa kuchelewa kuchoka. Safari hii aligeuka tu, akaanza kuteremka kuelekea nyumbani, pole pole, katikati kabisa ya zege jeupe. Nilidhani anakwenda kujifungia. Nilitaka kumfuata, Mawe akanishika mkono kupitia dirishani.

"Mwache."

Onesphory alikuwa bado kwenye simu. "Alo? Dada? Kuna nini? Nani ameshinda?" Nikamkatia, kama Tata.

Tata alirudi baada ya muda. Panga alikuwa ameliacha. Alikuwa na kofia kichwani na mfuko wa plastiki uliobeba, nilivyoona, shati moja na mswaki. Alifika kwenye gari, akachungulia kiti cha nyuma, ambako mimi na Jamali tulikuwa tumekwisha kuirudisha mashine.

"Hapa hapana nafasi," alisema.

"Kuna mashine, Tata."

"Ishusheni."

"Na mwani?" Swali lilinitoka kabla sijalizuia.

Alinitazama kwa ukali niliouzoea tangu utoto, kisha akamtazama Mawe kisogoni kupitia kioo. "Mwani una mizizi," alisema, akashika mlango.

Tuliishusha mashine tukamkabidhi baba mdogo Kashaija pale getini, na mwinjilisti Byarugaba akasaidia kukunja mipira. Tata akaingia nyuma na Jamali, amekunja magoti mpaka kidevuni kwa urefu wake. Nilipowasha gari, Mawe alipapasa chini ya kiti chake mpaka akakipata chuma cha kusogezea kiti, akakisogeza mbele kidogo ili miguu ya Tata ipate nafasi.